Bahari Iko Kulia

Tazama kalenda yoyote inayogawiwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka. Lazima kuna mwezi wenye mnazi, mtumbwi na jua jekundu linalotumbukia baharini. Picha hiyo haikupigwa Coco Beach. Pwani yetu imetazama mashariki: bahari hutupa jua alfajiri, wakati sisi tunatafuta soksi za watoto, na jioni jua huzama bara, nyuma ya mapaa ya nyumba. Anayetaka kuliona likiingia majini avuke Unguja akakae Forodhani, au aende ule upande wa ghuba wa rasi ya Msasani, ambako bei ya soda inakulazimisha uinywe polepole.

Mimi ni mzaliwa wa Temeke, haya nayajua. Mume wangu ni mtu wa Ujiji. Amekulia kando ya Ziwa Tanganyika, ambako kila jioni jua hushuka juu ya maji watu wakiliona, likaenda kujificha nyuma ya milima ya Kongo. Kwake yeye palipo na maji mengi ndipo linapozama jua. Dar amekaa miaka, lakini saa kumi na mbili jioni siku zote yuko kwenye foleni ya Mwenge, na pale upande pekee wa dunia unaoonekana ni mgongo wa daladala.

Mama yake alipokuja kututembelea, hajatua mizigo yake vizuri, mwanawe akamwambia, "Mama, lile ziwa letu ni maji kidogo tu. Jumapili nakupeleka ukaone jua linavyozama baharini." Maji kidogo! Ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 600 na kina kinachopita mita 1,400. Mama mkwe akanyamaza. Mimi nikasema mara moja tu, "Baba watoto, kule jua halizami." Akanijibu kwamba nimezoea bahari ndiyo maana siioni. Nami nikanyamaza, nikaenda kukanda unga wa chapati.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa na ugomvi mwingine, wa muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. "Ana haraka gani huyu? Magharibi saa hizi?" Alipiga simu Ujiji kuuliza, akaambiwa jua bado liko juu. Na kweli. Kigoma iko magharibi ya Dar kwa nyuzi 10 kasoro kidogo, kila nyuzi ni dakika 4, na saa tunatumia moja nchi nzima. Sisi tukishaswali magharibi, wao wana dakika 40 hivi za kuanika dagaa.

Jumapili ikafika. Familia haiendi baharini, inahamia: mkeka, deli, chapati, chupa ya chai, ndoo za mchanga, nguo za kubadilisha, na nyingine za kubadilisha zile za kubadilisha. Tulijaza bajaji mbili. Tena ilikuwa siku ya mwezi mpevu, bamvua lenyewe, na siku za bamvua maji ya Dar hujaa alasiri. Ufuko uliobaki ulikuwa ukanda mwembamba, na juu yake Dar nzima: wanaokodisha tyubu, wapiga picha, wauza mihogo, na mpira wa timu zisizo na idadi. Tukatandika mkeka, wimbi likaja likauchukua kama deni lake. Tukausogeza, likatufuata. Mwisho tukapandisha hadi chini ya mvinje.

Mama mkwe akauliza kibla kiko wapi. Muuza mihogo, bila kuinua macho kwenye karai, akanyoosha koleo: "Kule, Masaki." Mama akaswali alasiri. Alipotoa salamu hakuinuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniita kwa mkono.

"Mwanangu, kwetu nikielekea kibla, ziwa linabaki kushoto. Hapa bahari iko kulia."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu anasema jua linazama wapi?"

"Humo humo baharini, mama."

"Haya. Tumwache." Akachovya muhogo kwenye pilipili.

Baba watoto alikuwa amesimama ukingoni, simu mkononi, ameielekeza baharini. Kivuli chake kilikuwa kirefu mbele yake, kimelala juu ya maji. Nilimwona akigeuka nyuma, akaliona jua liko juu ya mapaa ya Oysterbay, akageuka tena mbele haraka. "Linazunguka," akatangaza. "Litatokea nyuma ya ile rasi. Twendeni!"

Ndivyo tulivyojikuta tunatembea juu ya majabali ya matumbawe ya kale, yanayokata kama sime, deli kichwani, wimbi likitumwagia chumvi hadi kwenye chapati. Mtoto wa mwisho akapoteza ndala. Wimbi likaichukua, likairudisha hatua mbili kutoka mkononi mwangu, likaichukua tena, watoto wanaishangilia. Tuliiacha ikielekea Zanzibar bila nauli. Mbele tukamkuta kijana anavua kwa mshipi. Akauliza tunatafuta nini.

"Jua," mume wangu akasema.

Kijana akatutazama mmoja mmoja hadi kwenye deli. Akaonyesha nyuma yetu kwa mdomo. "Si lile pale, bosi? Linaelekea Kimara."

Tukarudi chini ya mvinje. Muadhini akaadhini, safari hii mama mkwe hakumlaumu. Alipomaliza kuswali akamwomba mwanawe simu, akapiga Ujiji kwa video. Mama mdogo akapokea, akageuza kamera: ziwa lote, mitumbwi ya dagaa imevutwa nchi kavu kwa kuwa mwezi mpevu hauwapi wavuvi kazi, na jua zima bado liko juu ya maji. Tukabanana: watoto, kijana wa mshipi, watu wa mkeka wa jirani. Baharini mwezi ulikuwa umechomoza mkubwa kama sinia, tukiupa mgongo. Muuza mihogo peke yake ndiye aliyeutazama, kwa sababu alihitaji mwanga wa kuhesabia chenji.

Jua likafika kwenye milima ya Kongo, likaanza kuliwa upande wa chini. Picha ikaganda. Bando limekwisha.

Vichwa vyote vikamgeukia mwenye simu. Alipopata vocha na kuunganisha tena, Ujiji kulikuwa giza, mama mdogo yuko jikoni anasonga ugali.

"Si neno, baba," mama mkwe akamwambia, akijifunga kanga. "Jumapili ijayo nipeleke Kimara, nikaone bahari."