Kuhitimu kwa Mpimaji wa Barabara

Fundi wa kupima vifaa vya barabara hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza, ndefu na ya kuchosha, hupitia vyuo kama KIHBT jijini Nairobi. Huko mwanafunzi hujaza zege kwenye koni ya milimita 300 kwa tabaka tatu, kila tabaka akilidunga kwa nondo mara 25, kisha hupima lilivyoporomoka. Udongo nao hulowekwa siku 4 kabla ya kupimwa uwezo wake wa kubeba mzigo, kana kwamba Embu hunyesha mvua.

Njia ya pili ndiyo iliyoendelea. Kijana aliyeajiriwa asubuhi kubeba ndoo huvishwa kizibao cha njano saa sita, na kufikia jioni amehitimu. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya huukanyaga kwa kisigino na kutangaza kwamba umeshiba. Mchemraba wa zege, ambao vitabu huutaka ungoje siku 28 ndipo upondwe, yeye huutolea majibu ungali mbichi, mfano wa daktari asomaye malaria kabla ya kutoa damu. Majibu hayo hulingana hadi desimali ya mwisho, usahihi ambao mashine za Ulaya hazijaufikia.

Mtihani wa vitendo huachiwa mvua za masika, ambazo hazidai posho. Lami ikibanduka, vijana wa Chuka hadi Nkubu hupata kazi ya kufukia mashimo kwa mawe na kuomba madereva shilingi. Ripoti hubaki kwenye faili, haina ufa.