Foleni Isiyo na Benchi

Kazini kwetu kuna kompyuta moja kubwa tunayoigombania wote. Kusema moja ni adabu tu. Ni kabati la mashine kadhaa zilizounganishwa, zinanguruma usiku na mchana ndani ya chumba chenye baridi kuliko chumba chochote cha binadamu katika jengo lile. Mkurugenzi anajipepea kwa faili, mashine zina viyoyozi viwili.

Anayetaka kuzitumia huandika hati fupi ya maombi: prosesa ngapi, kumbukumbu kiasi gani, kwa saa ngapi. Huikabidhi kwa programu iitwayo Slurm, kisha husubiri zamu yake. Programu hiyo asili yake ni maabara ya Lawrence Livermore kule California, mahali panapobuniwa silaha za nyuklia, na jina lake limetoka kwenye soda ya katuni ya Futurama. Kwa hiyo jeni za kunde tunazozichunguza hupangiwa foleni na chombo kilichotoka nyumba ya mabomu chenye jina la soda. Kunde hazijalalamika. Wanaolalamika ni wenyewe.

Ukiandika squeue na kubonyeza kitufe, inashuka orodha ya kazi zote: nambari, jina, mwenyewe, hali, muda. Kinachopandisha watu presha ni safu ya hali. R maana yake kazi iko ndani. PD, inasubiri. CG, inafunga virago. Na aliye kwenye PD huandikiwa sababu kwenye mabano mwisho wa mstari: Resources, yaani mashine zimejaa, au Priority, yaani kuna waliokuzidi daraja. Ni ofisi pekee niliyowahi kuingia inayokwambia, bila kuulizwa, kwa nini hujahudumiwa.

Shida ni kwamba orodha hiyo ni ya wote. Kila mmoja anaona nani katuma nini, tena nusunusu, kwa sababu kwa kawaida jina la kazi hukatwa likifika herufi ya nane. Mwenzetu mmoja wa takwimu, mtu mpole asiyefungua mdomo hata kwenye kikao cha posho, alituma kazi ikatokea kwenye skrini za watu ikiitwa nataka_k. Chai ya saa nne haijafika, ofisi ilikuwa imegawanyika. Watu wa maabara walisema ni nataka kuoa, na ushahidi ulikuwepo: Jumatatu alikuja na viatu vipya. Watu wa uhasibu, ambao hata akaunti ya kuingia kwenye mashine hawana, walishikilia ni nataka kuacha kazi, na mmoja wao akaanza kuulizia kiti chake, kile ambacho magurudumu yake yote matano bado yanazunguka. Mama anayetuletea chai akamfuata mezani. "Baba, hongera. Mbona hukutuambia?" Yeye akashukuru tu, akidhani anapongezwa kwa jambo jingine.

Mchana ndipo mtu akakumbuka kwamba squeue inaweza kuamriwa kupanua safu ya majina. Jina kamili: nataka_kuhitimu. Ilikuwa kazi ya tasnifu yake. Harusi ikavunjika palepale, na watu wawili walikuwa wameshaahidi mchango.

Kisa cha Daktari wa wadudu kilikuwa kizito zaidi. Kazi yake ilikaa PD tangu mwanzo wa wiki. Alikuwa ameomba nusu ya kabati kwa siku saba. Siku moja adhuhuri, kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo akatuma kakazi ka dakika ishirini. Kakaingia hapohapo. R! Daktari alisimama, akavaa miwani, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa mitambo.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Huyu mtoto ni ndugu yako?"

"Hapana, Daktari."

"Basi amekupa chai."

Fundi ni mtu wa subira. Alimweleza kwamba Slurm hutazama mapengo. Mashine alizoomba Daktari hazikuwa zimetimia; nyingine zilikuwa bado zinatumiwa na wengine, na yeye alizihitaji zote kwa pamoja. Wakati huo zile zilizo wazi zinakaa bure. Ikitokea kazi ndogo itakayokwisha kabla ya zamu ya mkubwa kufika, inapenyezwa pale, na mkubwa hacheleweshwi hata dakika. Kisha akaandika amri nyingine, sacct, inayoonyesha kazi zilizokwisha. Kazi ya Daktari ya aina ileile, mara ya mwisho, ilichukua saa tisa.

"Sasa siku saba ni za nini, Daktari?"

"Za usalama."

"Usalama huo ndio uliokufungia nje."

Daktari alikiri kwamba maelezo yameeleweka. Ila alituambia baadaye kwamba hata yeye, angekuwa amekula rushwa, angeeleza vizuri vilevile.

Wenye R nao wana yao. Dada mmoja wa jenetiki aliipata R yake asubuhi, akashangilia, akatuonyesha skrini mmoja mmoja. Siku zikapita, muda kwenye orodha unapanda, R imesimama wima, faili la matokeo halina hata herufi. Kumbe programu yake, kabla ya kuanza hesabu, ilitaka kupakua faili kutoka intaneti, na mashine za kule ndani hazina intaneti. Ilibisha hodi, ikalala kidogo, ikaamka, ikabisha tena. R inathibitisha kwamba umepewa nafasi. Kama unafanya kazi ukiwa pale ni suala lingine. Watumishi wa namna hiyo wapo pia, lakini tusitaje idara. Anayetaka ukweli afungue faili la matokeo aone kama linakua, au aulize kwa sstat kazi imekwishatumia prosesa na kumbukumbu kiasi gani.

Lakini balaa lenyewe ni kutazama. Mtu aligundua amri ya watch, ambayo hurudia amri nyingine yenyewe, kila baada ya sekunde mbili usipoipangia muda mwingine. Ugunduzi ulisambaa kwa kasi ambayo waraka wa mkurugenzi haujawahi kuifikia. Kila meza ikawa na skrini inayopepesa orodha. Sekunde mbili ni maswali 1,800 kwa saa kwa mtu mmoja, na watu walikuwa wanakwenda kula huku wakiacha skrini inauliza. Kijana mmoja akavuka mpaka: aliandika kitanzi kinachouliza habari za kila kazi yake, moja baada ya nyingine, bila kupumzika, na kazi zake zilikuwa mamia.

Asubuhi moja squeue ikanyamaza. Tukawa tunasubiri orodha ya wanaosubiri. Mwishowe ikatoa ujumbe kwamba muda wa mawasiliano umekwisha. Fundi akaingia kuchunguza, akakuta mashine za hesabu zina nafasi, wenye njaa wapo mlangoni, lakini msimamizi wa foleni hapati wasaa wa kumwingiza mtu kwa sababu kutwa anajibu "nimefikiwa?" Waliotengeneza Slurm wenyewe wameonya kwenye mwongozo wao: amri hizi zisiwekwe kwenye vitanzi. Fundi hakutusomea mwongozo. Alisema tu, "Wali ukifunuliwa kila saa hauivi," akaenda kuvikata vitanzi.

Kesho yake tukakuta tangazo mlangoni: mtu asiulize zaidi ya mara moja kwa dakika. Daktari alilisoma mpaka mwisho, akauliza kama sekunde hamsini na tano zinahesabiwa dakika.

Dawa ipo na ni mstari mmoja. Ndani ya hati ya maombi, andika #SBATCH --mail-type=END,FAIL --mail-user= ikifuatiwa na anwani yako. Seva ikiwa imeunganishwa na barua pepe, na nyingi zimeunganishwa, utaandikiwa kazi ikiisha au ikianguka, hata ukiwa kwenye daladala. Daktari anaukataa mstari huo. Anasema barua huchelewa, jicho halichelewi. Wewe uweke. Na wewe Daktari, kama umefika mpaka hapa, fungua barua pepe yako: fundi alikuwekea kimyakimya, na kazi yako iliisha jana asubuhi.