Heko kwa Kosa la Kuvuta

Waimbaji wetu wamewasifu mabwana harusi, wabunge, mabasi ya usiku na hata timu zilizoshuka daraja. Hakuna aliyemkumbuka mtumishi anayemtokea mwandika programu wa Magamba, hapa Manispaa ya Mpanda, mara nyingi kuliko mgeni mwingine yeyote: kosa la kuvuta msimbo. Mtu ameandika git fetch, amebonyeza, amesubiri, na mistari miwili mitatu ya Kiingereza imemjibu kwamba haiwezekani. Leo lisifiwe, tena hadharani.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa asiye na ukoo hapewi kiti cha mbele. Aprili 2005 waandishi wa kiini cha Linux waliondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu waliyokuwa wakitunzia msimbo wao. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliketi akaanza kutengeneza ya kwake, Git, na ndani ya siku chache ilikuwa tayari inautunza msimbo wa Git yenyewe. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilizaliwa kwa sababu watu walifungiwa mlango. Kikikufungia na wewe, kinaendeleza mila za kwao.

Na kwa kuwa aliyekitengeneza alishaonja uchungu wa kutegemea chombo cha mwenzake, kila anayenakili ghala la Git, yaani msimbo pamoja na kumbukumbu zake, kwa ukamilifu huondoka na historia yote. Kuvuta kukishindikana, faili uliyokuwa unaiandika haiguswi. Matawi yako yapo. Unaweza kuhifadhi kazi, kufungua tawi jipya, kuchimbua nani alifuta mstari ule mwaka juzi na kwa kisingizio gani. Nitajieni ofisi nyingine inayokukatalia huku ikikuachia mafaili yote mkononi.

Sifa kubwa kuliko zote ni ukweli wake. Huku kwetu jibu la kila swali la kompyuta ni moja. Bosi anapiga simu kutoka Dar:

“Shikamoo bosi.”

“Marahaba. Umeshavuta mabadiliko ya jana?”

“Inagoma, bosi.”

“Inagoma inasemaje?”

“Mtandao tu, bosi, unasumbua.”

Kosa lenyewe halikusema hivyo hata kidogo. Likikuambia limeshindwa kulitambua jina la seva, shida huwa iko karibu: bando limekata, data imezimwa, au simu imeshika mnara usio na kitu. Likisema limesubiri kwenye mlango wa 22 hadi likachoka, jina limepatikana ila kuna mtu njiani ameiziba njia ya SSH, na dawa ipo: GitHub, tovuti inayotunza maghala ya Git, hupokea SSH hiyohiyo kupitia ssh.github.com, mlango wa 443, ule unaopitiwa na karibu kurasa zote za wavuti. Na likisema umenyimwa ruhusa kwa sababu ya ufunguo, hapo chinja kuku. Maana yake bando lipo, mnara uko hewani, mkongo ni mzima, na ombi lako limekata zaidi ya kilomita elfu moja za nchi kavu hadi pwani, likavuka bahari, likafika mlangoni salama. Kilichopungua ni ufunguo, nao uko kwenye kompyuta yako, au ulibaki kwenye ile uliyoiuza. Andika ssh -T git@github.com ujulishwe kama mlango unakutambua. Kuhusu nywila, usijisumbue: GitHub iliacha kuzipokea kwa kazi za Git tangu Agosti 13, 2021.

Limewahi kudanganya? Mara moja, na kwa adabu. Ukiomba ghala la faragha ambalo huna kibali nalo, hutaambiwa umekatazwa. Utaambiwa ghala halipatikani. Ni kama kubisha hodi ukajibiwa mwenyewe hayupo, na viatu vyake unaviona kibarazani. GitHub hufanya hivyo kwa makusudi, ili asiyehusika asijue hata kama ghala lipo. Kwa hiyo kabla ya kuapa kwamba wamelifuta, andika git remote -v uone ni mlango wa nani unaoubisha, kisha jiulize umeingia kwa jina gani.

Linafundisha pia subira, na hapa tukae kidogo. Simu imewekwa dirishani kwa sababu ndipo mawimbi yanaposhika, hotspoti imewashwa, chaja imechomekwa ikiwa umeme upo. Kwenye skrini namba zinapanda: asilimia 40, 58, 71. Mwendo unashuka kutoka kilobaiti mia mbili kwa sekunde hadi thelathini na kitu. Kisha namba zinatulia. Baadaye kidogo linakuja tangazo kwamba upande wa pili umekata mazungumzo na data imeishia njiani. Unarudia, na kuhesabu kunaanza tena kwenye sifuri, kwa kuwa Git haina utaratibu wa kuendelea pale ilipokatikia. Megabaiti ulizokwisha kuvuta zimekwenda na bando lake.

Watu huliona jambo hili kuwa unyama. Mimi naliona kuwa elimu ya uchumi. Ni hapo tu kijana hujifunza kwamba hakuhitaji historia ya miaka kumi ili arekebishe kitufe kimoja. Anakili kwa --depth 1, apate hali ya leo peke yake; ikiwa salama mkononi, aongeze historia kidogokidogo kwa git fetch --deepen=50, na kila awamu inayofika haipotei hata ya pili ikikatika. Ushauri atakaoupata kwa wenzake, lakini, ni wa kuongeza http.postBuffer hadi namba ndefu isiyosomeka. Kila mtu huutoa. Mpangilio ule unahusu kile unachokipeleka kwenye seva, si unachokivuta kutoka huko, na mara nyingi hausaidii chochote zaidi ya kumpa mgonjwa matumaini.

Tusisahau unajimu wake wa saa. Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na kompyuta za mtumba hufika huku betri ndogo ya saa imeshakufa. Umeme ukikatika ukarudi, mashine huamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma. Ukivuta, unaambiwa cheti cha seva hakikubaliki. Kweli kabisa: kwa kalenda ya mashine ile, cheti hakijaanza kutumika. Wapo wanaokimbilia kuzima ukaguzi wa vyeti, wakaacha mlango wazi kwa sababu ya betri ya shilingi chache. Rekebisha tarehe.

Kwa kawaida kosa hili halipandishi sauti. Lilipiga kelele Machi 24, 2023, likajaza skrini alama na herufi kubwa kwamba utambulisho wa seva umebadilika na huenda kuna mtu anafanya uovu. GitHub walikuwa wamebadilisha ufunguo wao wa RSA baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye ghala la wazi. Yaani mabingwa wa kutunza msimbo wa dunia walianika ufunguo wao kwenye msimbo, na kosa letu halikuwaonea aibu.

Halina upendeleo pia. Mei 12, 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi. Hata ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Bosi wa Dar mwenye kiyoyozi na kijana wa Magamba mwenye simu dirishani wakasomewa mistari ileile.

Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima, liliendelea na kazi yake bila kuongeza chumvi: jina la seva halitambuliki. Halikusema nani, wala kwa nini. Waliokuwa na nakala zao waliendelea kuandika na kuhifadhi, kila mmoja peke yake, kila mmoja akiamini toleo lake ndilo sahihi. Mtandao uliporudi Novemba, kuvuta kukakubali mara ya kwanza bila kunung'unika. Ndipo migongano ilipoanza: faili moja, watu wanne, kazi moja imeandikwa kwa namna nne, na bosi yuko kwenye simu anauliza ni nani aliyefuta ya kwake.