Viatu Vyeupe, Kabichi na Faini

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sekunde nne. Uliingia kwenye simu ya mama watoto Ijumaa jioni, ukazua safari mbili za pikipiki, matumizi ya faranga 18,000 na kabichi moja iliyokwenda shuleni bila kuitwa.

Jumatatu yake darasa la binti yetu lilikuwa na hafla ya kuimba. Mama watoto akamwandikia mwalimu, kijana aliyekulia Uingereza, akimuuliza kama mtoto avae viatu vyeusi au vya kahawia. Mwalimu alikuwa barabarani. Badala ya kuandika akajibu kwa sauti, pikipiki zikimpita huku na huku.

Hapo inafaa niitambulishe mahakama iliyokaa sebuleni kwetu Kibagabaga kusikiliza ushahidi. Mimi ni mtu wa Muheza, Tanzania, niliyemfuata mke Kigali. Mama watoto alikuwa sekondari mwaka 2008, serikali ilipoamua shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mama mkwe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alifunga mwaka akifundisha hesabu kwa Kifaransa, akafungua 2009 akitakiwa kuzifundisha kwa Kiingereza. Wa mwisho ni binti yetu, wa darasa la tatu, aliyeokota Kiingereza kwa wenzake uwanjani. Mezani tunakutana kwenye Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, nami nikajipongeza kana kwamba nilipiga kura.

Mama watoto akabonyeza. Mimi nikasikia bila wasiwasi wowote: "White shoes. There's fine."

"Viatu vyeupe," nikatafsiri. "Na kuna faini."

"Faini?" Mama watoto akaketi. Kigali hii neno faini halichezewi. Hakuna aliyegundua kwamba Mwingereza hawezi kusema faini hivyo bila kutanguliza kile kijineno chao "a". Kiswahili hakinacho, Kinyarwanda hakinacho, kwa hiyo hakuna aliyekikosa.

"Hebu rudisha," akasema mama mkwe. Akaiweka simu sikioni, akafumba macho kama anayesahihisha imla. "Huyu anasema Kifaransa. Kibovu, lakini Kifaransa. *Ouais, choux. Il a faim.* Ndiyo, kabichi. Ana njaa."

"Nani ana njaa, Mama?"

"Sungura, mkwe wangu. Shule gani haina sungura?"

Tukaurudia ujumbe mara kumi na moja. Kila ulivyorudiwa, kila mmoja alizidi kusikia kile alichokwisha kukisikia. Binti alikuwa mkekani akichora, ametulia kuliko kawaida yake. Hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi ikawa ya mwisho wa mwezi. Mpaka saa tano asubuhi watu walikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii, na maduka yamefungwa. Yalipofunguliwa nikapanda pikipiki hadi soko la Kimironko, mfukoni nina karatasi ya daftari yenye mchoro wa unyayo wa binti. Jozi ya kwanza ikambana vidole. Nikarudi kubadilisha, mvua ikanidaka njiani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na mfuko wa karatasi hauna urafiki na mvua. Kwenye kona ya kichochoro chetu kisicho na lami mfuko ukapasuka chini, na kiatu cha kushoto kikatua kifudifudi kwenye tope jekundu. Usiku ule nilikisugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya meno, mshono kwa mshono. Kikawa cheupe, isipokuwa kwenye tundu za kamba, ambako Kibagabaga iligoma kutoka.

Jumatatu tukafika shuleni. Watoto walikuwa na viatu vyeusi, vya kahawia, vya bluu, na mmoja ndala. Weupe ulikuwa wa binti yetu peke yake. Nikamsogelea mwalimu kwa adabu, nikamuuliza faini ni kiasi gani. Akanitazama. Nikamchezea ujumbe wake. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaurudia polepole: "Why choose? Either's fine." Ya nini kuchagua? Vyovyote ni sawa.

Nimeshasoma kidogo tangu siku hiyo, nami najua kilichotupata. Nafasi tunazoziona kati ya maneno ziko kwenye karatasi. Mdomoni sauti hutoka imeungana kama uji, na ni sikio la msikilizaji linalokata. Kisu cha kukatia tunapewa na lugha tuliyonyonya. Chetu Waswahili ni mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu akikwambia "ninapanda", mkazo ni mmoja, unajua anapanda mti au mahindi. Akisema "nina panda", mikazo ni miwili, unajua ana manati na madirisha yako yamo hatarini.

Waingereza wao mkazo huwaambia neno linaanza. Anne Cutler, mwanasaikolojia wa lugha mzaliwa wa Australia, alionyesha na wenzake miaka ya 1980 kwamba katika mazungumzo yao maneno yanayobeba maana, takriban 9 kati ya 10, huanza na silabi nzito, na masikio yao hukata hapo. Wafaransa hukata silabi kwa silabi. Mwaka 1986 Cutler na wenzake walieleza kuwa Mfaransa hukata hivyohivyo hata akisikiliza Kiingereza. Kwa hiyo mama mkwe hakuwa amechanganyikiwa. Alikata mkate wa watu kwa kisu alichokinoa darasani maisha yake yote.

Kosa langu lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa sikio langu lilikwisha kuamua. Tuliuliza habari za viatu na rangi, nami nikawa nangoja kiatu na rangi. Ile "ch" ya "choose" nikaivunja vipande viwili, "t" nikampa jirani wa kushoto apate "white", iliyobaki ikazaa "shoes". Dalili ya kunizuia ilikuwepo: irabu ya "why" huvutwa kidogo, ya "white" hukatwa mapema. Lakini Kiswahili hakijawahi kunidai nipime irabu ili nijue kama kuna "t" nyuma yake. Maneno yetu wenyewe huishia kwa irabu.

Ninachojifariji nacho ni kwamba ukoo wetu ni wa zamani. Tanzania, ambako tunaendesha kushoto, kibao cha "keep left" kilisikika kuwa neno moja, likawa kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, na wingi wake vipilefti. Kinyarwanda kiliipokea *choux* ikawa amashu. Waingereza nao walikuwa na vazi la jikoni liitwalo "a napron", wakakata pasipo mahali pake, na leo ni "an apron". Wao hawakumwomba mtu radhi.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza binti, "Wewe ulisikia nini Ijumaa?"

"Why choose."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza, baba. Halafu nilikuwa navitaka."

Kuhusu kabichi: mama mkwe aliikabidhi kwa mkono wake mwenyewe, akiwa ameifunga kwenye kitenge. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akatupeleka nyuma ya madarasa. Walikuwepo sungura sita. Walikuwa na njaa.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna amri moja tu, nami nakugawia, msomaji. Mtu akikujibu kwa sauti katika lugha ambayo hukuzaliwa nayo, mwombe aandike. Kama hana muda, mwite mtoto kabla hujavaa kofia ya pikipiki.