Shangazi Hajafa

Kwetu malazi ya bei nafuu ni shangazi. Ukivuka kutoka Dar kwenda Unguja unamkuta Mwanakwerekwe na kitanda kimeshatandikwa, na malipo yake ni habari: nani kaachika, nani kajenga, na wewe mshahara wako ni kiasi gani hasa.

Safari hii niliona bora nilipe shilingi. Nikachukua kitanda katika hosteli moja ya Mji Mkongwe, bweni la watu wanane, dabo deka tupu, feni inayozunguka kwa kusitasita na kabati la chuma ambalo kufuli unakuja nalo mwenyewe. Wazungu walikuwa wakivipiga picha vitanda vyao. Mimi wazazi walilipa ada nilale hivyohivyo, na kengele juu.

Hata hivyo hosteli zenyewe zilianzia shuleni. Mwaka 1909 mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alikuwa na wanafunzi wake katika matembezi, mvua ya radi ikawakuta, wakajistiri katika jengo la shule na kulalia majani makavu. Wanafunzi walilala. Mwalimu alikesha, na katika kukesha huko ndipo alipopata wazo la hosteli, iliyokuja kufunguliwa mwaka 1912 ndani ya ngome ya Altena. Yaani mambo haya yalibuniwa na mtu aliyekosa usingizi, na mimi nadhani alitaka wenzake.

Kitanda cha chini yangu alilala Mholanzi mrefu, mpole, miguu nje ya chandarua. Alikoroma mpaka boriti zikaitikia. Alipotua kidogo, saa kumi alfajiri, akaamka wa boti ya kwanza kupanga mizigo, na kila soksi ilikuwa na mfuko wake wa plastiki. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2006, Bara ikafuata 2019. Iliyosalimika, naamini, yote ilikuwa katika begi la bwana yule.

Jioni yake nilikuwa Forodhani na bakuli la urojo, binamu yangu akanipita, akarudi nyuma, akanitazama vizuri. Unguja hapo haihitaji intaneti. Asubuhi shangazi alikuwa mapokezi, kajitanda buibui, hotipoti la pilau mkononi. Mapokezi walimweleza kwamba wageni hawaruhusiwi bwenini. Akawajibu kwamba yeye si mgeni.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Kwani miye nimekufa?”

Sikuwa na jibu. Alikagua bweni lote kuliko matroni yeyote niliyewahi kumwogopa: akabonyeza godoro, akanusa shuka, akafika kwa Mholanzi, aliyekuwa amekaa anakula mkate mkavu na ndizi.

“Na huyu mtoto wa nani?”

Nikamwambia wazazi wake wako mbali. Hapo ilikwisha. Alipakuliwa pilau, akaongezwa, akaulizwa kazi, mshahara na ndugu zake mmoja mmoja, na akajibu kila kitu kwa furaha, mimi mkalimani. Kabla ya adhuhuri begi lake lilikuwa ndani ya daladala ya Mwanakwerekwe. Mimi nilijitetea kwamba nimeshalipa na fedha hazirudishwi.

Usiku ule bweni lilikuwa kimya, nikalala. Saa nane simu ikaita. Shangazi, kwa sauti ya chini:

“Njoo umchukue mgeni wako. Anakoroma.”