Ukivuta, Anaongeza Mwendo

Kazi ya farasi niliipata kwa sababu ya punda. Mama mmoja mwenye mabanda ya farasi upande wa Ngong, nje kidogo ya Nairobi, alisikia kwamba nimezaliwa Shela, kisiwani Lamu, mahali ambapo punda ndiye lori, ndiye teksi, na siku ya harusi ndiye mbeba vyombo. Akakata shauri kwamba mtu wa huko hawezi kushindwa na farasi wanne. Sikumpinga. Mshahara ulikuwa umekwisha kutajwa, na mtoto aliyelelewa hamkatizi mkubwa maneno.

Tofauti ya wanyama hawa wawili haiko masikioni. Iko katika namna wanavyoogopa. Punda akiogopa husimama. Mpigie kelele, msukume matakoni, muahidi maganda ya embe. Hanyanyui mguu mpaka aridhike mwenyewe kwamba mbele ni salama. Watu humwita mkaidi, lakini aliyempanda hubaki juu. Farasi akiogopa huondoka kwanza, na sababu huitafuta akishafika. Ikiwa umefika naye, vizuri. Ikiwa umebaki nyuma hewani, hiyo haimhusu. Ujuzi wangu wote wa utotoni ulikuwa wa kumwondoa mnyama aliyesimama, na sasa nilikuwa nalipwa kumsimamisha mnyama aliyeondoka.

Wa kwanza kunisomesha alikuwa Sultani. Alikuwa amestaafu mbio katika uwanja wa Barabara ya Ngong. Ana karibu kilo 500, miguu ya maringo, na hati ya nasaba inayowataja mababu wengi kuliko ninaowajua mimi wa kwangu. Farasi wote wa mbio wa aina yake, ukifuata upande wa baba, wanatokana na madume watatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki, na mmoja wao alitoka Aleppo, Syria, mwaka 1704. Nilipomsomea habari hizo mzee wa banda, saisi aliyeshika kazi hii tangu ujana wake, alinitazama mimi, akamtazama Sultani, akasema, "Kumbe ni jamaa yako wa pwani. Mtaelewana."

Asubuhi ya kwanza tulitoka kwa hatua za adabu. Tukafika kwenye njia pana ya kando ya msitu, Sultani akasimamisha masikio, akaanza mwendo wa matiti, kisha wa thelathi. Nikavuta hatamu, akaingia shoti. Nikavuta zaidi, naye akanyoosha shingo na kuonyesha kwamba mpaka hapo alikuwa anajizuia. Tuliipita steji ya bodaboda kwa kasi ambayo vijana waliiheshimu, walisimama wote, na mmoja akapaza sauti, "Buda, hiyo inakula lita ngapi?" Sikuwa na nafasi ya kumjibu. Sultani aliamua mwenyewe mwisho wa mbio ni wapi, nao ulikuwa geti la jirani, pale ambapo mbwa wawili walitupokea.

"Ulivuta?" mzee akaniuliza niliporudi.

"Nilivuta kwa nguvu zangu zote, mzee."

"Basi alikusikia vizuri."

Akanieleza. Mpanda mbio hukaza hatamu, farasi huegemea lijamu, na kadiri anavyoegemea ndivyo anavyokwenda. Miaka yote ile Sultani alifunzwa kwamba hatamu zikikazwa, kazi imeanza. Mimi nilidhani nafunga breki, kumbe nampa habari njema. Dawa yake ilikuwa ni kufanya kile ambacho mwili wote unakataa: kulegeza mikono, kukaa chini kwenye tandiko, kushusha pumzi ndefu, kumpeleka kwenye mduara na kuupunguza taratibu mpaka achoke na jiometri.

Tukarudia somo hilo kila siku uwanjani. Pumzi ndefu, kusimama, kipande cha karoti. Pumzi ndefu, kusimama, karoti. Sultani alilishika vizuri kupita nilivyotarajia. Siku moja tulikuwa katikati ya matiti mazuri, mbele ya mama mwenye farasi na wageni wake, nikawa nawaza kodi ya nyumba. Nikashusha pumzi. Sultani akasimama papo hapo. Mimi sikusimama.

Sasa chukua elimu hiyo ya mikono milegevu, uipeleke kwa Karani. Karani ni farasi wa kijivu ambaye amejiteua kukagua kila kilichopo duniani, na hatamu zikilegea anajua amebaki peke yake katika ulimwengu wenye hatari. Huyu anataka mkono uwepo, umsemeshe kidogo kidogo kupitia lijamu, umwambie kwamba mwenzake yupo. Yote niliyoyapata kwa jasho mgongoni mwa Sultani yalikuwa makosa mgongoni mwa Karani, nilipokuwa namhamia baada ya chai ya saa nne. Wenye farasi mmoja huandika vitabu vya mafunzo. Wenye wanne hununua dawa ya kuchua.

Vitisho vya Karani havina mpango. Lori la mawe linalonguruma hulipita akitafuna lijamu lake. Matatu yenye muziki wa kutikisa vioo vya majirani huipita. Lakini wilbaro! Wilbaro iliyosimama wima ameizoea. Iliyolazwa kifudifudi ni kiumbe kingine. Na akishaikubali wakati wa kwenda, wakati wa kurudi inakuja upande wa jicho la pili, nalo halijaletewa taarifa. Farasi ana macho pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia. Uwezo huo wote Karani anautumia kutafuta mifuko ya plastiki.

Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko hiyo, Agosti 2017, magazeti yaliandika kuhusu mitaro iliyoziba na ng'ombe wanaomeza plastiki. Wapanda farasi hatukutajwa popote, ingawa sidhani kuna waliofaidika kutushinda. Kwa muda hivi Karani alikosa cha kufanya. Kisha ikaja ile mifuko ya rangi inayofanana na kitambaa, ambayo upepo ukiingia ndani hutembea kwa miguu yake yenyewe, na ukaguzi ukaanza upya.

Mzee akasema hakuna njia ila kumzoesha. Nikatundika uani kila kitu cha kutisha nilichokipata: chupa tupu zinazogongana, leso nyekundu, mwavuli uliofunguka, vipande vya turubai, kengele ya mbuzi. Kila asubuhi na mapema nilimzungusha Karani humo kwa kamba ndefu, nikimsemesha kwa sauti ya chini, kwanza kulia, kisha kushoto, nikimpa karoti kila anapogusa kitu kwa pua. Alianza kutulia. Waliopoteza utulivu walikuwa majirani. Mtu wa pwani, leso nyekundu, chupa, mizunguko alfajiri, maneno yasiyosikika: hesabu walishaipiga. Jioni moja bwana mmoja wa makamo alinivuta pembeni, akatazama nyuma, akaniuliza kama nashughulikia pia kesi za mashamba, au ni za wanyama tu.

Bi Mkubwa hana habari nyingi. Ni jike mzee mweusi, huenda unapotaka, husimama unapotaka, na wenzake watatu humwangalia yeye kabla ya kuamua kama kuna la kuogopa. Akipita karibu na wilbaro bila kuitazama, Karani huona haya kidogo.

Aliyebaki ni Kashata, poni wa kufundishia watoto, mfupi, mnene, mwenye singa zinazomwangukia machoni ili usijue anakutazama. Wazazi humpenda kwa mara ya kwanza tu. Ukimkaza mshipi wa tandiko, huvuta hewa na kuvimbisha tumbo. Mtoto akishapanda, huitoa, na tandiko likaanza safari ya polepole kuelekea ubavuni pamoja na mtoto. Ndiyo maana kwake mshipi hukazwa, akatembezwa hatua chache, ukakazwa tena, na yeye hukupa jicho la mtu aliyeshikwa na mizani ya uongo sokoni. Akiona nyasi nzuri, huinamisha kichwa kwa ghafla, na mwenye kushikilia hatamu kwa bidii hushukia shingoni.

Kashata ndiye aliyefungua komeo la stoo kwa midomo usiku mmoja akala pumba mpaka akashindwa. Si jambo la kucheka wakati linapotokea. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia hakina pa kutokea ila upande wa pili, na kikikwama tumbo humsokota mpaka linaweza kumuua. Daktari wa mifugo alikuja, akamdunga sindano, akampitishia mpira puani na kumtia mafuta, akatuamuru tumtembeze na kusubiri. Tukamtembeza kwa zamu, mzee na mimi, tukitia sikio ubavuni mwake. Tumbo la farasi mzima hunguruma muda wote. Kimya ndicho kinachotisha, na upande wa kulia kulikuwa kimya.

Mama yangu huamka mapema. Alinipigia simu kutoka Shela adhana ya alfajiri haijamalizika, akasikia napumua kwa baridi.

"Mwanangu, uko wapi saa hizi?"

"Niko uani, mama. Nangoja mavi."

Akanyamaza kidogo. "Na huko ndiko ulikokwenda kutafuta maisha?"

Yalipotoka, jua lilikuwa limeshachomoza. Mama mwenye farasi alipiga makofi akiwa na kanzu yake ya kulalia, mzee akamshukuru Mungu kwa lugha ya kwao, nami nilikumbatiana na daktari ambaye hata jina lake sikuwa nalijua. Kashata akatazama stoo.

Mvua zikishapita, jioni zetu hubadilika. Wanyama wote huingizwa ndani kabla ya magharibi, kwa sababu kuna visubi wanaoruka saa hizo na kueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua wengi wanaoupata na hauna tiba, chanjo tu. Punda milia hukaa na virusi hivyo bila kuonekana kuugua. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na daktari wa Kigoa hapa Nairobi, Rosendo Ribeiro, aliyewazungukia wagonjwa wake akiwa juu ya punda milia. Namuwaza kila ninapompeleka Karani ndani naye amegoma kwa sababu kivuli cha mlango kimehama tangu jana. Mtu aliyemudu punda milia njiani angefaa sana banda letu, na angetibu mbavu zangu bila kutuma bili mara mbili.

Jumapili huja wapandaji wa kulipia. Wengi ni watu wema, husema hawajui kitu na hushika wanachoambiwa. Jumapili iliyopita alikuja bwana mwenye buti mpya zinazolia, akapita mbele ya Bi Mkubwa bila kumsalimu, akasimama kwa Sultani. Akasema amepanda farasi ufukweni Mombasa, tena si mara moja, na kwamba huyu mrefu ndiye anayelingana naye.

"Ni mpole?" akaniuliza.

"Ni mpole, bwana. Ila kumsimamisha kunataka ujuzi."

Akacheka, akanipiga bega. "Kijana, hilo niachie mimi. Farasi ni farasi. Unavuta tu kwa nguvu."

Nikamtandikia Bi Mkubwa.