Kamera Mpya, Foleni Ileile

Kaka mpiga picha wa Tunduma, nasikia ile Canon 5D Mark III, toleo la mwaka 2012, imekuchosha. Megapikseli 22 hazikutoshi. Moyo umehamia kwa EOS R5 ya 2020, yenye 45. Haki yako. Mteja wa pasipoti saizi, yule anayekaa mbele ya kitambaa cha bluu, lazima kila kinyweleo chake kihesabike. Picha ya kusafisha ya inchi 4 kwa 6 inatosheka na megapikseli 2 tu, lakini hayo ni maneno ya wenye wivu.

R5 inapiga hadi picha 20 kwa sekunde. Tunazihitaji: foleni ya malori ya kuvukia Nakonde isije ikakuponyoka kwa kasi. Na Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la mita 3 hivi, safari hii likijaribu kutoroka utalinasa. Kamera yenyewe inafuata hata jicho la ndege, sembuse la mjomba anayeinyemelea keki ya harusi Vwawa.

Lenzi za zamani? Hazikai kwenye R5 bila adapta. Utanunua, kodi ya fremu itasubiri, mwenye nyumba ni muungwana.

Kisha bibi harusi atakwambia, "Kaka, nirushie WhatsApp." Picha zitaminywa njiani, atazitazama kwenye kioo kilichopasuka, na atauliza kwa nini hukumng'arisha kama binamu yake alivyofanya kwa simu.